Kipimo cha Haraka cha Malaria: Mtoto na Mtu Mzima

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mgonjwa wa umri wowote apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Hata hivyo, majibu hayana uzito sawa kwa kila umri. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya kimelea, nayo huweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hivyo mtoto mchanga wa umri, aliyetibiwa majuzi, aweza kuonyesha mistari miwili ilhali homa yake yatokana na nimonia. Twawasihi wazazi mtaje tarehe ya dozi iliyopita na kuulizia kipimo cha hadubini. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi huenda akawa na vimelea vichache mno, kipimo kisivione. Homa ikiendelea, arudi kupimwa.