NCHI JIRANI: Mjumbe Asiyerudisha Jibu



Alhamisi ya tarehe 13 Juni, 2024, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania walisimama siku moja mbele ya mabunge yao, kila mmoja akisoma makadirio ya mapato na matumizi ya nchi yake. Ni desturi ya siku nyingi katika Afrika Mashariki. Siku kumi na mbili baadaye, Jumanne ya tarehe 25 Juni, sehemu ya jengo la Bunge mjini Nairobi ilikuwa ikiwaka moto.

Ni jambo gani lililopita kati ya siku hizo mbili? Wengi hujibu kwa neno moja: kodi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Watu wa mataifa mengi wamewahi kulipa kodi nzito bila kuvunja lango la Bunge lao. Kilichopungua Kenya katika wiki zile hakikuwa fedha peke yake, kilikuwa taarifa. Wabunge walikuwa wametumwa na wananchi, wakaifanya kazi waliyoifanya, na wengi wao hawakurudi kwa waliowatuma kueleza wamefanya nini, na kwa sababu gani.

Askari huielewa habari hii upesi kuliko raia. Mlinzi akabidhipo lindo, humweleza anayempokea aliyoyaona na aliyoyasikia. Doria irudipo, kiongozi wake hutoa taarifa kabla ya kuvua buti. Katika kituo cha polisi kila tukio huandikwa kitabuni, na saa yake. Mlinzi aondokaye bila kusema neno amelitelekeza lindo, hata kama alikesha. Kipimo hicho hicho ndicho kinachopasa kutumika kwa mbunge.

Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti, 2010, haikuliacha jambo hili kwenye hisani ya mtu. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 wanaowakilisha kaunti, na wajumbe 12 wanaoteuliwa na vyama. Ibara ya 95 yawataka kuwawakilisha wananchi, kutunga sheria, kuidhinisha matumizi ya fedha za taifa na kuyasimamia. Ibara ya 118 yaliagiza Bunge kuifanya kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Ibara ya 201, inayohusu fedha za umma, yarudia neno hilo hilo: uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa watu.

Aidha, kalenda ya fedha imepangwa. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi sharti yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka unaotangulia kwisha, yaani si baada ya tarehe 30 Aprili. Kamati ya Bunge huwaita wananchi watoe maoni yao. Kisha hufuata Mswada wa Fedha, ambao ndio unaotaja kodi zitakazotozwa ili matumizi hayo yalipiwe. Basi miezi ya Mei na Juni ndiyo majira ambayo mbunge hapana budi aonekane jimboni kuliko majira mengine yote.

Lakini je, mbunge huyo akienda jimboni husema nini? Hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Tangu Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mbunge amezoeleka kupimwa kwa mkono wake. Katika siku za harambee alipimwa kwa kiasi alichotoa hadharani ili shule au zahanati ijengwe. Mwaka 2003 ukaanzishwa mfuko wa maendeleo ya majimbo, na fedha za serikali zikaanza kupelekwa majimboni kila mwaka kwa ajili ya madarasa, karo za watoto wa maskini na miradi ya usalama. Vipo vituo vya polisi vilivyojengwa kwa fedha hizo. Kazi hizo ni njema, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelilaani darasa.

Ila mazoea hayo yalizaa upofu. Taarifa ya mbunge ikawa hesabu ya mabati na hundi za karo. Watu hupiga makofi, nyimbo huimbwa, na mkutano huvunjika. Swali la kwanza la kazi ya kutunga sheria halikuulizwa: Mheshimiwa, mswada ule ulipopigiwa kura, wewe ulisemaje? Mbunge aweza kuleta madarasa mawili kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akapitisha kodi itakayowapokonya wazazi wa watoto hao fedha za sare na daftari. Asipoyasema yote mawili, ametoa nusu ya taarifa. Na katika kazi ya ulinzi, nusu ya taarifa huweza kuua kikosi kizima.

Ndivyo mambo yalivyokuwa ulipoletwa Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. Serikali ya Kenya ilitaka kuongeza mapato kwa kiasi cha shilingi za Kenya bilioni 346. Haja yake haikuwa ya kubuni. Deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na mwezi huo huo wa Juni kulikuwa na mkopo wa kigeni uliofikia siku ya kulipwa. Serikali yenye deni la namna hiyo haina njia nyingi: hukopa tena, hupunguza matumizi, au huongeza kodi. Hayo yangeweza kuelezwa kwa mkulima wa Bungoma na mvuvi wa Lamu kwa lugha anayoielewa, naye akakubali au akakataa akiwa anajua.

Badala yake mwananchi alisikia kuwa mkate wa kawaida utatozwa kodi ya asilimia 16. Mtu hahitaji shule kuifahamu hesabu hiyo: mkate wa shilingi 50 huongezeka shilingi 8. Alisikia kodi ya magari ya asilimia mbili na nusu ya thamani ya gari kila mwaka. Gari la shilingi milioni moja lingedaiwa shilingi 25,000. Alisikia kodi juu ya mafuta ya kupikia. Tarehe 18 Juni mapendekezo hayo yaliondolewa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini kusikiliza kulikochelewa hakuleti tena imani. Watu waliona kwamba waliposhika barabara ndipo mkate ulipookolewa. Wakajifunza kwamba barabara inasikika kuliko mkutano wa jimbo.

Vijana wakaifanya kazi ambayo wabunge waliiacha. Waliusoma mswada wenyewe, wakaueleza katika simu zao, wengine kwa lugha za makabila yao, ili hata wazee waelewe. Namba za simu za wabunge zikasambazwa, na kila mbunge akapigiwa na kuandikiwa aseme atapiga kura upande gani. Hapo taarifa ya jimbo ilikuwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu: si mbunge tena aliyewafuata wananchi, bali wananchi ndio waliomwandama mbunge.

Tarehe 25 Juni kura ikapigwa. Wabunge 195 waliukubali mswada, 106 waliukataa. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia katika viwanja vya Bunge, na wabunge wakatolewa kwa njia ya chini ya ardhi. Picha hiyo yafaa kukumbukwa: watu waliochaguliwa mchana kweupe, wakiwakimbia wapiga kura wao kwa kupita ardhini.

Ni nani basi aliyebaki juu kukabiliana na wananchi? Ni askari. Yeye hakuuandika mswada, hakuujadili, wala hakuupigia kura. Mshahara wake hutoka katika bajeti ile ile, na mkate wake hununuliwa katika duka lile lile. Lakini neno ambalo mbunge hakulisema kwa mdomo, askari ndiye aliyesimamishwa alijibu kwa ngao, kwa moshi na kwa risasi. Hadi tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Askari nao walijeruhiwa. Risasi ikishatoka haina maelezo yatakayoirudisha, na aliyeifyatua atabaki nayo maishani, hali waliopiga kura wamekwisha rudi majumbani mwao.

Jioni ile ile Waziri wa Ulinzi wa Kenya alitangaza katika gazeti la serikali kwamba majeshi yatawasaidia polisi. Hapa pia yako mafundisho kwa mwanajeshi. Ibara ya 241 ya katiba yao yasema kwamba majeshi yakisaidia wakati wa dharura, taarifa itolewe kwa Bunge la Taifa. Na yakipelekwa kurudisha amani mahali penye ghasia, sharti Bunge likubali kwanza. Tarehe 26 Juni Bunge likaidhinisha. Siku iliyofuata Mahakama Kuu iliruhusu jeshi liendelee, lakini ikaitaka serikali itangaze ndani ya siku mbili mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Maana yake ni kuwa hata bunduki ina daftari lake. Yeye anayeitoa ghalani hudaiwa kusema ni ya kazi gani, na itarudi lini.

Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi mswada huo, akaurudisha Bungeni vifungu vyake vyote vifutwe. Serikali ikalazimika kupunguza matumizi. Haja ya fedha, hata hivyo, haikufa pamoja na mswada: mwezi Desemba mwaka huo huo sheria nyingine za kodi zilitiwa sahihi, zikiwa na baadhi ya mambo yaliyokuwamo katika mswada uliokataliwa. Kwa hiyo wale waliofikiri kuwa taarifa haikuhitajika tena walikosea. Kodi ikitoka mlangoni huweza kurudi kwa dirishani, na mwananchi asiyeelezwa huhesabu jambo hilo kuwa ni hila, hata pale ambapo ni lazima.

Taarifa iliyo timamu haihitaji maneno mengi. Mbunge ataje sheria zilizopitishwa tangu alipokuja mara ya mwisho, na aseme alipiga kura upande gani. Ataje kodi mpya na kiasi kitakachomgusa mtu wa jimbo lake, mchuuzi kwa mchuuzi, mkulima kwa mkulima. Ataje jimbo lilipewa nini, na lilinyimwa nini. Ataje deni. Kisha akae kimya asikilize, na atakayoyasikia ayarudishe Bungeni, hata yakiwa machungu. Aliyepiga kura ya ndiyo na aliyepiga kura ya hapana wote wanadaiwa kitu kimoja: sababu.

Kwa mujibu wa katiba yao, Wakenya huchagua wabunge Jumanne ya pili ya mwezi Agosti, kila mwaka wa tano. Miaka mitano ni kipindi kirefu mno kwa mtu kulingoja jibu. Ufa wa mwezi wa kwanza usipozibwa, ukuta hujengwa mwaka wa tano. Na mara nyingi anayeagizwa kuubeba ukuta huo ni askari.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walimpa mjumbe kinga hiyo kwa kuwa alikwenda na neno, na alirudi na neno. Mjumbe aliyekwenda na neno la watu asirudi na jibu amejivua kinga yake mwenyewe. Tena amewaweka hatarini hata wale waliotumwa kumlinda. Hilo ndilo ambalo askari wa nchi jirani walilijua siku ya tarehe 25 Juni, 2024, wakiwa wamesimama langoni, na nyuma yao Bunge tupu.