Ufa, Mito na Machotara: Kufundisha Mageuko kwa Samaki wa Ziwa Mweru

Mada kwa walimu wa sayansi wa Nchelenge na wenzao wa ng'ambo ya ziwa



Nimeombwa nizungumzie historia ya dunia na mageuko ya viumbe, na namna ya kuyafundisha. Ni mada pana mno: sayari ina umri wa miaka bilioni 4.5, na uhai una dalili za miaka bilioni 3.5 hivi. Mwalimu akianzia huko, darasa litasinzia kabla hajamfikia samaki wa kwanza. Mimi naona tuanzie kwa samaki wa sokoni Kashikishi. Tangu 2019 samaki wa Ziwa Mweru wamekuwa hoja nzito katika mjadala wa wataalamu kuhusu namna spishi mpya zinavyozaliwa, na sisi bado tunawachorea watoto ubaoni ndege wa visiwa vya Galapagos.

Samaki hawa hawaeleweki bila ardhi iliyowakutanisha. Chukueni ramani. Upande wa Kongo kuna ukingo mkali wa miinuko inayopanda kuelekea milima ya Kundelungu. Upande wetu wa Zambia nchi inateremka polepole mpaka majini. Ukingo ule ni alama ya ufa. Mweru na bonde la Luapula ni tawi la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, mahali ambapo ganda la dunia limevutwa, likapasuka, na kipande kikadidimia. Miamba ya Kundelungu yenyewe ni ya zamani kuliko ufa kwa mbali sana: ni mchanga na matope yaliyotulia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na ndani yake mna mawe yaliyoburutwa na barafu. Naam, barafu, hapa kwetu.

Tanganyika ni ufa pia, lakini una kina cha mita 1,470. Mweru una wastani wa mita 7.5 tu, sinia la maji lenye eneo la kilomita za mraba 5,000 na ushei. Ufa huu ni mchanga na haujadidimia sana, na Luapula na Kalungwishi haichoki kuleta udongo. Watafiti wanakadiria kwamba ziwa lilitokea takriban miaka milioni 1 iliyopita. Kwa jiolojia hiyo ni jana.

Sasa mito, na hapa naomba tukae kidogo. Ardhi ikiinuka sehemu moja na kuzama nyingine, mto hubadili njia. Mto Chambeshi wa leo unaingia Ziwa Bangweulu, maji yanatoka kwa mto Luapula, yanapita maporomoko ya Mumbatuta na Mambilima, yanafika Mweru, kisha yanatoka Pweto kwa mto Luvua kwenda Kongo. Zamani haikuwa hivyo. Ushahidi wa mabonde na wa samaki wenyewe unaonyesha kwamba Chambeshi uliwahi kutiririka kusini-magharibi hadi Kafue, yaani upande wa Zambezi, kabla haujatekwa na Luapula. Kwa hiyo Bangweulu walibaki samaki wenye asili ya Zambezi. Wengine wakateremka hadi Mweru, na huko wakakuta jamaa zao wa mbali waliotoka Kongo.

Kilichofuata ndicho kilichochapishwa mwaka 2019 na Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao. Walichunguza vinasaba vya samaki wa jamii ya siklidi, ndugu wa sato na perege, katika Bangweulu na Mweru. Vitabu vingi vimezoea kusema kwamba ili spishi nyingi zizuke kutoka mzazi mmoja, mzazi huyo ajitenge na asiwe na jamaa wa kushindana naye. Kwa hesabu hiyo Bangweulu ndiyo ingestahili kuwa na utitiri wa spishi, maana koo zilizoingia ni chache. Haikuwa hivyo. Bangweulu haukuonekana uchotara, wala spishi hazikuchanua. Mweru koo za Zambezi zilizaana na za Kongo, kisha machotara wakagawanyika, na si mara moja. Zilipatikana zaidi ya spishi 40 ambazo sayansi ilikuwa haijaziandika.

Sababu inaelezeka hata kwa mtoto wa darasa la nane. Kila ukoo ulikuja na hazina yake ya jeni. Zilipochanganyika, ukapatikana mchanganyiko wa sifa ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Ziwa lilikuwa jipya, na vyakula vyake, konokono, wadudu na samaki wadogo, vilikuwa havijapata wenyewe. Uteuzi asilia ukafanya kazi yake juu ya mtaji huo. Kila kundi likashika riziki yake, na riziki ya kundi moja haikufanana na ya jingine.

Najua baadhi yetu ni wahubiri siku ya Jumapili, na mabishano ya dini na mageuko nayaacha nje ya ukumbi. Taya la samaki linaonekana kwa macho; tulionyeshe. Siklidi ana mataya mawili, la mdomoni na la kooni. La mdomoni linakamata, la kooni linatafuna. Nunua samaki wa aina mbili tatu, inua kifuniko cha matamvua, pitisha ncha ya kisu nyuma ya matao yake. Kwenye sakafu ya koo utakuta mfupa mdogo wa pembetatu uliojaa meno. Uchemshe nyama itoke. Wa mla konokono, Sargochromis mellandi, ni mnene na meno yake ni butu, ya kuponda. Wa mla samaki, Serranochromis, una meno yaliyochongoka. Waacheni wanafunzi wakisie chakula kutokana na mfupa kabla hamjawaambia lolote.

Chisense nao wasisahaulike, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Ni wa jamii ya dagaa, na vinasaba vya ukoo wao vinaonyesha kwamba mababu waliingia mtoni kutoka baharini, Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita.

Jambo moja la utekelezaji. Huku Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na muhula unaanza Januari. Anayetaka kufundisha somo hili mapema akusanye mifupa mwezi wa Novemba, aikaushe vizuri, aiweke kwenye viboksi vya kiberiti vyenye lebo: jina la samaki wanalotumia wavuvi, mahali alipovuliwa, tarehe. Wenzetu wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya ziwa, wakifanya vivyo hivyo, tutabadilishana.