MARADHI YA MLIPUKO NA MFUKO WA MNYONGE

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mjumbe wa kamati ya afya katika mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa baharini na shamba.)



Watu husema maradhi hayachagui tajiri wala maskini. Ni kweli, kijidudu hakina macho. Lakini tazameni nani anaanguka mwanzo, na nani haamki tena.

Nianze na ya hapa hapa Unguja. Mwezi wa Novemba 1869 kipindupindu kiliingia mjini kutoka Mrima, upande wa Pangani. Mpaka kinaondoka, mwaka 1870, kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Mjini alikuwapo daktari Mskochi, James Christie, naye akaandika kitabu juu ya maafa hayo, kikachapishwa 1876. Siku zile kijidudu chenyewe kilikuwa bado hakijajulikana, lakini daktari yule aliyaangalia maji. Aliona watumwa na mafukara ndio waliokufa kwa wingi. Mabaniani, ambao kwa desturi ya dini yao walijitekea maji wenyewe, waliguswa kidogo.

Sasa jamani, Baniani yule hakuwa na damu ya chuma. Alikuwa na maji yake. Mtumwa alikunywa alichokikuta, na akiumwa hakuwa na ruhusa ya kulala.

Msiseme hayo ni ya zamani. Machi 2020 korona ilipofika Zanzibar, ndege za watalii zilisita na hoteli za pwani zikafungwa. Mwenye mshahara wa mwezi aliweza kukaa ndani. Vijana wetu wa hotelini walirudi mikono mitupu, tukagawana nao muhogo. Tuliambiwa tusikaribiane. Haya, chumba kimoja watu saba, utajitenga wapi? Tuliambiwa tunawe kila mara. Mwenye bomba ndani hufungua tu. Mwenye kwenda kisimani na ndoo kichwani huyahesabu maji.

Mimi mwenyewe mwaka ule nilishikwa na homa na kikohozi. Nilijua inafaa nijifungie ndani. Lakini bamvua lilikuwa limefika, na mwani haumsubiri mtu. Nikateremka pwani na wenzangu, nikakohoa kati yao. Mpaka leo sijui kama niliwaambukiza. Ujinga sikuwa nao. Akiba ndiyo sikuwa nayo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Asiyeweza kupumzika huyabeba maradhi mpaka kwa anayeweza. Kwa hiyo kumkinga mnyonge ni kujikinga wenyewe. Mwaka 2009 watu wa Chumbuni walipewa chanjo ya kipindupindu, ile ya kunywa. Wataalamu walipopima baadaye, waliona kuwa hata wasiochanjwa walipata kinga, pale ambapo majirani zao wengi walikuwa wamechanjwa. Aliyekunywa dawa alimkinga na jirani yake.

Basi ndugu wanachama, wapo wanaotaka faida ya mwaka huu igawanywe yote. Siwalaumu, kila mtu ana shida zake. Lakini mimi naomba fungu moja libaki ushirikani, kwa kazi mbili:

1. Kukijengea kisima chetu ukingo na mfuniko, na kuweka ndoo moja ya kutekea, ili kila mtu asitumbukize yake.

2. Kuanzisha mfuko wa wagonjwa. Mwanachama akishikwa na maradhi ya kuambukiza, apewe posho ya chakula mpaka apone, ili asilazimike kushuka pwani na homa yake.

Mtasema fungu lenyewe dogo. Wazee walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa mama anayeumwa na watoto watatu, siku saba za unga na sukari ni kitu kikubwa.

Maradhi mengine yatakuja, hatujui lini. Yakija yatupate kisima chetu kimefunikwa, na asiwepo mmoja wetu anayetoka kazini mgonjwa kwa kuogopa njaa.

Kura itapigwa Jumapili ijayo baada ya Alasiri. Njooni nyote, hata mnaopinga, tuzungumze.