Msingoje Kustaafu



Wahitimu, leo mmevaa majoho na mmestahili. Niruhusuni niwape habari za mtu aliyevishwa heshima kubwa zaidi, nayo haikumziba mdomo.

Smedley Butler, Mmarekani, alidanganya umri akaingia kikosi cha Marine mwaka 1898, akiwa na miaka 16. Alipigana Uchina, Nicaragua, Mexico na Haiti, akapanda hadi kuwa meja jenerali. Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwao, aliipata mara mbili: kwa mapigano ya Veracruz, Mexico, mwaka 1914 na ya Haiti mwaka 1915. Ile ya Veracruz alitaka kuirudisha, akiona hakutenda la kuistahili. Wakubwa wakamwamuru aipokee na aivae.

Alistaafu mwaka 1931. Mwaka uliofuata maveterani wa Vita Kuu ya Kwanza walipiga kambi Washington kudai malipo yao. Butler akawaendea kuwatia moyo, na siku chache baadaye jeshi likawatimua. Mwaka 1935 alichapisha kitabu chembamba, War Is a Racket, yaani Vita ni Ulaghai. Humo aliikagua vita kama mhasibu akaguavyo daftari: nani kavuna, nani kalipa? Waliovuna, alisema, ni wenye viwanda na mabenki. Waliolipa ni askari na jamaa zao. Kulinda nchi hakukupinga. Alipinga askari kutumwa ng'ambo kulinda mitaji ya matajiri. Akapendekeza kwamba wakati wa vita wakurugenzi nao walipwe mshahara wa askari, na kura ya kuingia vitani wapige wale watakaopelekwa kupigana.

Lakini hayo aliyasema akiwa ameshatoka jeshini. Alikiri mwenyewe kwamba miaka yote ya utumishi akili yake ilikuwa imelala, ikitii amri tu. Kwa watu wa Haiti na Nicaragua, maneno yake yalikuja baada ya risasi zake.

Wahitimu, kesho mtapewa ofisi, mihuri na mafaili ya kutia saini. Kabla ya kusaini, ulizeni: nani atavuna, nani atalipa? Ulizeni mkiwa kazini, mshahara ungali unaingia na cheo kingali mkononi. Ukweli usemwao baada ya kiinua mgongo haumrudishii mtu alichokwisha kupoteza.