Mbunge Wetu Tumempa Nini Mkononi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Mugumu juu ya kazi ya Mbunge katika wilaya za Tarime na Serengeti



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya Mbunge. Nimekubali kwa furaha, ijapokuwa mimi si Mbunge wala sina nia ya kuutafuta Ubunge. Nasema hivyo mapema ili vijana waliokaa pale nyuma wasianze kunong'onezana. (Kicheko)

Nimefika hapa kutoka Tarime kwa njia ya Nyamwaga, nikavuka Mto Mara. Njiani nilikuwa nikiwaza: barabara hii moja imesemwa Bungeni na Wabunge wa Tarime, imesemwa na Wabunge wa Serengeti, wa chama hiki na wa chama kile, mwaka baada ya mwaka. Basi mtu akisema wilaya hizi hazikupata wasemaji, huyo hasemi kweli. Wasemaji tumepata. Jambo ninalotaka kuwauliza leo ni jingine kabisa: msemaji wetu anaposimama kule Dodoma, sisi tumempa nini mkononi?

Wazee waliopo hapa wanajua desturi ya ritongo. Watu wakikutana wakakubaliana kwamba ng'ombe wao wamepelekwa upande fulani, humchagua mtu mmoja aende akadai. Mtu huyo hatumwi mikono mitupu. Ameonyeshwa nyayo, ameambiwa idadi ya ng'ombe, rangi zao na alama zao, na usiku walioibiwa. Nyayo zikiingia katika kijiji, kijiji hicho hudaiwa kuonyesha zilikotokea. Tena mtumwa huyo hakawii huko akala na kunywa akasahau. Yampasa arudi aseme mbele ya wale wale waliomtuma: nimekwenda, nimejibiwa hivi. Mimi naona kazi ya Mbunge haipiti hapo sana.

Lakini tazameni tunavyomtumia. Mbunge akifika jimboni tunamngoja mlangoni tangu alfajiri. Huyu ana karo ya mtoto, yule ana msiba, wa tatu anataka bati, wa nne mpwa wake atafutiwe kazi ya uaskari. Mtu mwenye shida namhurumia, simcheki hata kidogo. Lakini mfuko wa mtu mmoja hauwezi kulisha jimbo, na Mbunge anayejaribu kufanya hivyo itambidi azipate fedha hizo mahali fulani, nanyi hamtamwuliza ni wapi. Hata ile saruji na bati zinazotolewa kwa jina la Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, si za kwake. Mfuko huo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake tu. Fedha ni za Serikali, maana yake ni zenu. Kumpigia makofi kwa ajili yake ni sawa na kumshukuru mweka hazina kwa kukurudishia akiba yako.

Kazi yake hasa imeandikwa katika Katiba, ibara ya 63: Bunge kuisimamia Serikali na kuishauri, na Mbunge kumwuliza Waziri swali lo lote juu ya mambo ya umma. Swali likishajibiwa, mwulizaji anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Ndugu zangu, yashikeni sana hayo mawili. Swali la kwanza Waziri amelijua siku nyingi, na makarani wake wamemwandikia jibu zuri lenye maneno ya "Serikali inatambua" na "mchakato unaendelea". Swali la nyongeza ndilo linalomkuta bila karatasi. Hapo ndipo Mbunge hodari hupambanuka na Mbunge mwenye sauti kubwa tu, nao uhodari huo hautoki kichwani mwake peke yake. Watoka kwenu.

Niwape mfano wa ndovu, maana hapa Mugumu hakuna asiyewajua. Hifadhi ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994. Sisi tunaoishi mpakani, toka Robanda hadi Mbirikiri na Bonchugu, na ng'ambo ya pili vijiji vya Tarime kama Kegonga na Gibaso, twajua maana ya kulima mwaka mzima na kupoteza yote usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa kadiri shamba lilivyo mbali na hifadhi, tena zisizidi ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikupewa kitu. Kwa mtu aliyeuawa, kifuta machozi kiliwekwa shilingi 1,000,000. Angalieni maneno yenyewe: jasho na machozi. Neno fidia halimo, kwa kuwa sheria haikukiri deni. Ilikubali kukupa pole tu. Wabunge wa mipaka ya hifadhi, wa kwetu na wa mikoa mingine, walisema kwa miaka mingi kwamba kiasi hicho ni kidogo na kwamba hulipwa kwa kuchelewa.

Sasa nitaungama kosa langu. Miaka michache iliyopita ndovu waliingia katika mtama wa dada yangu. Alitaka kwenda kuandikisha hasara kwa Mtendaji wa Kijiji, nami, kaka yake ninayejidai kusoma, nikamwambia asijisumbue: fedha yenyewe ni ya kununua chumvi. Akaacha. Jirani zake nao, waliposikia mwalimu amesema hivyo, wakaacha. Baadaye alipita Mbunge akitaka orodha ya watu wa kijiji kile walioharibiwa mashamba wasilipwe: majina, ekari, tarehe. Hakupata hata jina moja. Alikwenda Dodoma na maneno ya "wananchi wangu wanateseka", akajibiwa kwa maneno ya namna ile ile. Nani alaumiwe? Dada yangu hajanilaumu, lakini kila akinipakulia ugali naona kama ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Tuje Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, ukapita katika mikono ya kampuni moja hata nyingine, mpaka mwaka 2019 Barrick ilipochukua yote yaliyokuwa ya Acacia, na Serikali ikapata asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Majina yalibadilika mlangoni, lakini mashauri ya watu yalibaki yale yale: ardhi, fidia, maji, na vijana wanaoingia kwenye mawe ya dhahabu na kukutana na risasi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yaliingia Mto Tigithe, ambao hupeleka maji yake Mara. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua 5 waliuawa kwa risasi mgodini.

Katika miaka hiyo Tarime ilimjua Chacha Wangwe, aliyechaguliwa mwaka 2005 kwa chama cha CHADEMA. Wako humu waliompenda na wako waliompinga, lakini sidhani yuko atakayekana kwamba aliwasemea watu wa Nyamongo bila kuogopa mtu, hata wa chama chake. Tarehe 28 Julai 2008 alifariki kwa ajali ya gari Pandambili, akitoka Dodoma. Oktoba mwaka huo huo Tarime ikamchagua Charles Mwera. Mwaka 2010 akaja Nyambari Nyangwine wa CCM. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa, mjini akapata Esther Matiko na vijijini John Heche, wote CHADEMA. Mwaka 2020 wakaingia Michael Kembaki na Mwita Waitara, wa CCM. Na hapa Serengeti, Marwa Ryoba alichaguliwa mwaka 2015 kwa chama kimoja, mwaka 2018 akahamia kingine, akarudi Bungeni.

Siyasemi haya ili tubishane nani alikuwa bora. Nasema hivi: katika muda ambao mtoto aliyezaliwa mwaka 2005 amekuwa kijana wa kupiga kura, shauri la Nyamongo limepita katika mikono ya watu wengi hivyo. Kila mmoja alipoingia, je, alikuta faili? Alikuta orodha ya wanaodai, nakala za uthamini, na majibu aliyopewa mwenziwe aliyetangulia? Au alianza kuuliza upya kama mgeni? Mambo yote yakikaa katika kichwa cha Mbunge mmoja, gari likipinduka yamepotea pamoja naye. Na sheria haingoji: kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili tangu uidhinishwe huisha nguvu, na kazi huanza tena toka mwanzo. Mwaka 2020 wakazi kadhaa wa vijiji vya kuzunguka mgodi walikabidhiwa hundi zao. Hundi ile huandikwa kwa jina lililo katika orodha; asiye na jina lake katika karatasi yo yote, hakuna Mbunge awezaye kumwombea.

Hapo nafika mahali pachungu, na najua baadhi yenu hamtanipenda. Kule Nyamongo kuna jambo liitwalo tegesha. Likisikika neno kwamba eneo fulani litachukuliwa na mgodi, usiku huo huo miti hupandwa kama nywele za kichwa, na nyumba zisizo na mwenye kulala ndani husimama kabla mthamini hajafika. Wengine wafanyao hayo si hata wenyeji. Wametoka mjini na fedha zao. Matokeo yake ni nini? Mjane aliyekaa hapo miaka 30, mwenye migomba yake ya kweli na kaburi la mumewe, anatiliwa shaka pamoja nao, na malipo yake yanangoja mpaka ubishi uishe. Mbunge akiwatetea wote kwa pamoja, Waziri atamjibu kwa tegesha moja tu, na shauri zima limekufa. Yampasa awe na moyo wa kuwaambia wapiga kura wake: wewe ndiyo, wewe hapana. Nasi tuwe na moyo wa kumchagua tena mtu aliyetuambia hapana. Hili ni gumu, sidanganyi.

Watu wengine wa vijiji vile walipeleka madai yao ya kuumizwa na kuuawa kwa ndugu zao hadi mahakama ya London mwaka 2013, na mwaka 2015 yakamalizwa kwa mapatano. Hata huko mbali hakuna aliyeuliza ni nani aliyelia kwa sauti kubwa. Kila madai yalihitaji mtu wake na ushahidi wake.

Na mwaka 2022, mwezi Machi, mnakumbuka maji ya Mto Mara yalivyogeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ikatoa habari kwamba sababu ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Mikoa yote ilicheka, na sisi tuliona hasira, maana ng'ombe wetu wamekunywa mto ule tangu enzi za babu zetu. Lakini kicheko si jibu. Kama siku ile ya kwanza mtu mmoja wa kijiji angalichota maji katika chupa, akaandika saa na mahali, akafunga mbele ya Mtendaji na mashahidi, akayapeleka kupimwa, Mbunge angalikuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya wataalamu. Sijui kipimo kile kingalisema nini. Labda kingalisema ng'ombe kweli! (Kicheko) Lakini tungalijua.

Wazee wetu wa mwaka 1965 hawakumwogopa mkubwa. Katika uchaguzi wa mwaka ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyefanya kazi kubwa ya ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa, alishindwa huko Mwanza kwake. Alikuwa mtu wa maana sana katika nchi, na wapiga kura wakamwacha. Hiyo ni nguvu yetu siku moja katika miaka mitano. Mimi nauliza juu ya siku nyingine zote.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na daftari. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa 96. Nimepiga mistari: jina, kitongoji, tarehe, hasara, ofisi uliyopeleka habari, jibu ulilopewa. Kurasa za mwisho nimeziacha kwa ajili ya Mbunge mwenyewe: siku aliyopewa shauri, siku aliyouliza, na jibu alilorudisha, aje aliandike hapa mbele yetu kwa mkono wake. Daftari litakaa kwa Katibu, si kwa Mbunge, ili akiondoka yeye libaki. Kikao cha bajeti huanza mwezi Aprili, naye ameahidi kupita hapa kabla ya hapo.

Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe jana usiku. Ni mtama wa dada yangu. Tarehe ameikumbuka yeye, maana ilikuwa siku ya pili baada ya ubatizo wa mjukuu wake. Najua muda wa kudai umekwisha zamani. Nimeuandika hivyo hivyo. Wale walioingiliwa mashamba msimu huu wabaki tukimaliza, na mwenye karatasi ya Mtendaji aje nayo hapa mezani. Walio na mashamba ya Merenga waanze, kwa kuwa wana safari ndefu na giza linaingia.

(Makofi)