Hotuba ya Mwenyekiti: Futi Tunashika Sisi



Miaka kumi tumejifunza kuhesabu hisa. Sasa tunajifunza na kupima majengo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Lakini sheria haishiki futi, tunashika sisi.

Tunafundishana hivi: upana wa mlango usipungue sentimita 80. Ngazi zikipanda sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa sentimita 360, yaani 1 kwa 12. Chooni, kiti cha magurudumu kipate sentimita 150 za kugeukia. Na mwenye kiti awepo, aseme mwenyewe.

Wapo wenzetu wanaopokea mgao wao nje ya ukumbi huu. Basi mfuko wa jamii uanze na mteremko wa hapa hapa.