Nabothi na Mashahidi Wake

Leo tufungue 1 Wafalme, mlango wa 21, habari ya Nabothi. Twaijua tangu shule ya Jumapili: shamba la mizabibu, mfalme mwenye tamaa, malkia mwandika barua. Lakini Yezebeli hakumgusa Nabothi kwa mkono wake. Kesi iliendeshwa na wazee wa mji wake mwenyewe, watu waliomjua, na hata idadi ya mashahidi ilitimia, maana Torati yataka wawili au watatu.

Tutoke Yezreeli tuje Kariobangi. Tuseme ni saa mbili usiku na stima imepotea. Mama muuza samaki anarudi nyumbani. Vijana watatu wanamzunguka, wanampiga, wanachukua mfuko wa fedha. Asubuhi mtaa mzima una hasira. Kijana mmoja amekamatwa, nasi tabia yake twaijua, wala hatumpendi. Askari anauliza, ni huyu? Tunajibu upesi, ndiye.

Je, twajua tumesema nini? Kifungu cha 296(2) cha sheria ya makosa ya jinai chasema kwamba mporaji akiwa na silaha, au na mwenzake hata mmoja, au akimpiga mtu, adhabu yake ni kifo, hata ikiwa hakuna aliyekufa. Huo ndio wizi wa mabavu. Husikizwa na hakimu, labda pale Makadara, na wengi wamejitetea bila wakili. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kumhukumu kila muuaji kifo. Mwaka 2021 ikaeleza kwamba ilinena juu ya kuua tu. Basi aliyeua aliweza kupewa miaka, na aliyepora bila kuua akabaki na kifungu kile kile!

Mtu atasema, Kenya haijanyonga tangu 1987. Ni kweli. Rais Kibaki aliwaondolea kitanzi watu zaidi ya 4,000 mwaka 2009, na Rais Uhuru Kenyatta zaidi ya 2,700 mwaka 2016. Walipewa kifungo cha maisha. Kwa asiye na hatia, hiyo ni nafuu gani?

Mashahidi wa Nabothi walikuwa waongo. Sisi si waongo, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika filamu ya kale ya Marekani, 12 Angry Men ya mwaka 1957, mwanamke aapa kwamba aliona mauaji usiku, kupitia madirisha ya treni iliyokuwa ikipita. Mzee mmoja akumbuka alama za miwani puani pake. Nani hulala na miwani? Mama yule aliamini alichosema, na kijana alikuwa karibu kufa kwa imani hiyo. Majaji wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, walionya kwamba neno la shahidi mmoja, hasa palipokuwa vigumu kuona, lipimwe kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana kwenye gwaride la utambuzi mshukiwa huwekwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye. Ukiisha kuonyeshwa yeye peke yake kituoni, gwaride hilo limeharibika.

Kumbukumbu la Torati 17:7 lamwagiza shahidi awe wa kwanza kurusha jiwe. Siku hizi shahidi hupanda matatu akarudi kwake.

Basi ukiitwa, sema: palikuwa giza, niliona koti, uso sikuuona. Askari atanuna. Majirani watauliza umehongwa kiasi gani. Na mama wa samaki atalia, kwa maana zile zilikuwa fedha za karo. Yeye tumchangie Jumapili hii, mara tu baada ya ibada.